Mabuti Sawa, Kipimo Tofauti: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ulinzi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa Makamanda mnaosimamia mafunzo ya vijana na uandikishaji wa askari.

YAH: VIPIMO NA MAFUNZO YA WASICHANA KATIKA KAMBI ZA VIJANA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima yote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa michezo, naishi Kasulu, mkoani Kigoma. Kwa zaidi ya miaka 30 nimesimama kando ya viwanja, filimbi shingoni na stopuwachi mkononi, nikiwafundisha wavulana na wasichana kukimbia. Baadhi yao niliwapeleka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kabla ya hapo nilipita JKT kwa mujibu wa sheria, enzi ambazo ukimaliza kidato cha sita hukuwa na njia nyingine. Mafunzo yale yaliposimamishwa mwaka 1994 nilisikitika, na yaliporudishwa mwaka 2013 niliwaambia wanafunzi wangu waende bila woga. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu mama hana mapenzi na jeshi. Ninayo, tena ya zamani, na ndiyo yaliyonifanya nimfungie binti yangu begi kwa mikono yangu alipokwenda kujitolea JKT.

Barua hii imetanguliwa na nyingine tatu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe kambini, ikapokelewa getini na kugongwa muhuri. Ya pili niliituma ofisi ya juu yake. Ya tatu nikaipeleka ofisi nyingine, safari hiyo nikiambatanisha picha na cheti cha daktari. Mwaka mmoja na miezi minne imepita. Nimepiga simu, nikaambiwa faili linafanyiwa kazi. Nimerudi, nikaambiwa aliyekuwa nalo amehamishwa. Sitaitaja kambi wala ofisi hizo kwa majina, maana sitaki afande mmoja wa chini atolewe kafara halafu mambo yaendelee yalivyo. Wazazi niliozungumza nao hapa Kasulu, Kibondo na Ujiji wana habari zinazofanana na yangu.

Neno langu ni hili. Tofauti ya mwili kati ya mvulana na msichana ipo, nami nimeipima kwa saa maisha yangu yote ya kazi. Ila nyinyi mmeiondoa mahali inapotakiwa, mkaiweka mahali isipotakiwa. Kwenye buti, kwenye hatua ya kwata na kwenye mahitaji ya mwili mnasema hapa hakuna msichana, wote ni kuruta. Ikifika zamu ya bunduki, ya usaili na ya nafasi, usichana unakumbukwa.

Naomba nieleze hoja kwa hoja.

1. Mabuti na hatua

Mguu wa binti yangu ni namba 5. Siku ya kugawiwa vifaa alipewa namba 8, akaambiwa ndogo zimekwisha. Aliporudi kuomba abadilishiwe alijibiwa kwamba wasichana ndio waliotaka usawa, basi na buti ni sawa.

Nilikwenda siku ya kufunga mafunzo ya awali. Baada ya gwaride tulikaa chini ya mwembe, akavua buti la kulia. Alichomoa kwanza kitambaa cha khanga kilichokunjwa mara nne, alichokuwa akikisokomeza mbele ili vidole visicheze. Kitambaa kilikuwa kimekuwa kigumu kama ngozi kwa damu iliyokauka. Soksi ilipotoka ilitoka na ngozi ya kisigino. Hakulia. Alinitazama usoni akaniuliza kama nimemletea vazelini. Wiki iliyofuata tulipiga picha hospitali, daktari akanionyesha ufa kwenye mfupa wa ugoko. Akaniuliza huyu anakimbia mbio ndefu? Nikamwambia anakimbia, lakini ufa huu hajaupata kwangu.

Waheshimiwa, jambo hili si la kudeka. Katika mafunzo ya awali ya kijeshi wasichana hupata nyufa za mifupa zaidi ya wavulana, na majeshi mengi yamelichunguza jambo hilo. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: mtu mfupi akiwekwa nyuma ya mrefu na kuamriwa afuate hatua yake, anaivuta nyonga kila hatua, maelfu ya mara kwa siku. Jeshi la Australia lililiona hilo kwa makuruta wake wa kike. Wakapunguza mwendo wa matembezi, wakaacha kila mtu atembee kwa hatua yake, wakaongeza nafasi kati ya mtu na mtu, na mivunjiko ya nyonga ikapungua sana. Hawakushusha kiwango cha askari. Walipunguza majeruhi.

Nami nilipokuwa mwalimu sikuwahi kumkimbiza mtoto na viatu vya kaka yake halafu nikaandika kwamba hana mbio.

2. Siku ya shabaha

Hili ndilo lililoniuma zaidi, na naomba mlisome polepole.

Asubuhi ya siku ya shabaha kombania yao iliamka saa tisa usiku. Walikuwa wameingoja siku hiyo kwa wiki nyingi. Wamejifunza kufungua na kufunga bunduki ya SMG mpaka wanaweza kuifunga macho yakiwa yamezibwa, wamelala tumboni kwenye nyasi zenye umande wakilenga bila risasi. Kabla hawajaondoka akaja mkufunzi akasema kuna wageni wanakuja, wasichana kumi na wawili watoke mbele. Walitoka. Walimenya ndizi, wakaosha samaki aina ya migebuka, wakapanga viti, wakafagia njia ya kuelekea mesi, wakasimama na majagi ya maji ya kunawa. Walipofika kwenye uwanja wa shabaha ilikuwa alasiri, wenzao wameshapiga, wameshasahihishwa, wamerudia. Wale kumi na wawili wakapewa risasi chache zilizobaki, wakapiga mara moja, jua likiwa machoni mwao, hakuna aliyewasahihisha. Wakapanda gari.

Matokeo yalipobandikwa, wasichana wale walikuwa chini. Na mkufunzi yuleyule akasema mbele ya kombania nzima kwamba shabaha na wanawake haviendani.

Haikuwa mara moja. Binti yangu alikuwa na daftari dogo, tabia aliyoirithi kwangu. Aliandika kila siku aliyotolewa kwenye zoezi kwenda jikoni, kupika chai ya ofisi, au kufua mapazia kwa ajili ya ugeni. Katika muda wa mafunzo ya awali siku hizo zilikuwa kumi na tisa. Kaka yao wa hanga (bweni) la jirani, kijana wa hapa hapa Kasulu, alitolewa mara mbili, zote kwa ajili ya kubeba kuni.

Kazi ya jiko siidharau. Askari hula, na jeshi lisilojua kupika halifiki mbali. Fatiki, yaani kazi za mikono za kambini, ni ya wote. Lakini ukimnyima mtu mazoezi kisha ukampima, unachokipima ni ratiba yako wewe. Nimekuwa mwalimu muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mwanafunzi aliyekosa vipindi kumi na tisa hufeli, awe wa kike au wa kiume, na anayefaa kuulizwa ni mwalimu.

3. Usaili usio na kipimo

Baada ya miaka miwili ya kujitolea, ukaja usaili wa kuchukuliwa jeshini. Najua JKT haitoi ajira, tangazo lenyewe husema hivyo kila mwaka, na binti yangu hadai ajira kama haki ya kuzaliwa. Anadai kipimo.

Wavulana waliambiwa watakimbia kilomita tatu. Wasichana waliambiwa wasubiri pembeni. Baada ya muda wakapangwa mstari, mtu mmoja akapita akiwatazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akagusa bega la huyu na la yule: wewe, wewe, wewe. Waliobaki wakaambiwa nafasi za wasichana zimejaa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyepimwa urefu kwa futi. Binti yangu, ambaye ugoko ulikuwa umeshapona na nilimpima mwenyewe kwenye barabara ya Kabanga akikimbia kilomita tatu kwa dakika 14 na sekunde 40, alirudi nyumbani bila karatasi inayosema ameshindwa nini.

Hapo nitoe mfano wa karibu. Jeshi la Polisi katika matangazo yake ya ajira limekuwa likitaja urefu: futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Mtu anaweza kulipenda au kulipinga, lakini analijua kabla hajapanda basi. Msichana wa futi 5 na inchi 3 anabaki kwao Buhigwe na nauli yake mfukoni. Kwenu hata hilo hatulipati.

4. Usichana kama tusi

Mvulana akichelewa kwenye mchakamchaka anaambiwa anakimbia kama mwanamke. Akishindwa kuruka kikwazo anaambiwa akavae khanga. Maneno hayo wasichana wanayasikia wakiwa wamesimama mstari uleule, wengine wakiwa wameshakiruka kikwazo hichohicho. Nawasemea na watoto wa kiume hapa, maana yule aliyeambiwa hivyo kila siku ndiye kesho atakayeongoza seksheni yenye wasichana ndani yake.

5. Hedhi na mimba

Orodha ya vitu vya kwenda navyo aliyopewa binti yangu ilitaja bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari na soksi nyeusi. Taulo za kike hazikuwamo, na duka la kambi halikuuza. Kuhusu mimba nitasema neno moja tu: kuruta akibainika kuwa mjamzito kambini hufungiwa begi arudi kwao, na sijasikia kule kwetu aliyeulizwa baba ni nani, hata pale ambapo kila mtu hangani anamjua.

Sasa nazijua sababu mtakazonipa, kwa kuwa nyingine nimeshapewa kwa mdomo mlangoni.

Mtasema ni maumbile. Nakubali, tena bila kuzungukazunguka. Kwa wastani mwanamume ana nguvu zaidi mabegani na mikononi, na ana mapafu makubwa zaidi. Zikiwekwa kazi za kubeba kombora la mzinga au kumvuta majeruhi mwenye kilo 80 na mzigo wake, wasichana watakaofaulu watakuwa wachache kuliko wavulana, na huenda wakawa wachache sana. Basi na wawe wachache. Mimi siombi dumu la lita 10 kwa binti yangu pale ambapo kazi inataka la lita 20. Ninachoomba ni kwamba kazi iseme inataka nini, kisha kila anayeiomba, mwenye sketi na mwenye suruali, abebe kilekile. Kule Kanada mwaka 1999 Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya mwanamke mzima moto, Tawney Meiorin, aliyekuwa akiifanya kazi yake vizuri kisha akafukuzwa kwa sababu kipimo kipya kilitaka akimbie kilomita 2.5 kwa dakika 11, naye akazidisha chini ya dakika moja. Mahakama haikusema wanawake wapunguziwe. Ilisema mwajiri athibitishe kwamba dakika hizo 11 kweli zinahitajika katika kuzima moto, na mwajiri akashindwa. Akarudishwa kazini.

Mtasema jeshi lina sheria zake, na sheria za kazi za raia haziliingii. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliweka kando Jeshi la Wananchi na JKT. Lakini endeleeni kusoma kifungu kilekile cha 2: kinasema vifungu vya 5, 6 na 7 vinawahusu hata wao. Na kifungu cha 7 ndicho kinachokataza ubaguzi, kikitaja jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamhesabu mwombaji wa kazi pamoja na mfanyakazi. Kinaruhusu kumtenga mtu pale tu ambapo kazi yenyewe inalazimisha. Juu yake ipo Katiba ya 1977, ibara ya 22, inayompa kila raia fursa sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika kazi yoyote iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Masharti ya usawa hayawezi kuwepo pasipo masharti.

Mtasema mambo ya jeshi ni siri. Siri ni mahali silaha zilipo na njia askari watakayopita. Dakika za kukimbia kilomita tatu siyo siri ya nchi.

Mtasema, na hili niliambiwa na mtu mwenye nyota begani, kwamba Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe tangu 19 Machi 2021 ni mwanamke, na mwaka huohuo mwanamke aliongoza Wizara ya Ulinzi kwa mara ya kwanza, sasa tunalalamika nini? Najivunia mambo yote mawili. Hapa Kasulu hatujaanza leo kuamriwa na mwanamke, Heru, himaya ya Waha hapa kwetu, ilitawaliwa na Mwami (mtemi) Theresa Ntare, na wazee wanalisema jina lake kwa heshima mpaka leo. Lakini mwanamke aliye juu hawezi kujua kwamba kuruta wake wa kike amevaa namba 8 badala ya namba 5, kama waliopo katikati hawamwambii. Ndiyo sababu naandika hadharani.

Na mtasema wasichana wenyewe ni wachache wanaotaka. Njooni Kigoma. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu tangu mwaka 1996. Mabinti zetu wamekua wakiona vizuizi barabarani na akina mama wakishushwa kwenye basi wakapekuliwe, na wamejionea wenyewe mambo yanavyoharibika pale ambapo hakuna askari wa kike wa kuifanya kazi hiyo. Hata huko nje vijana wetu wanakokwenda kulinda amani, Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2028 wanawake wawe asilimia 15 ya askari katika vikosi. Watatoka wapi, ikiwa tunawageuza wapishi siku ya shabaha?

Ninayoyaomba ni haya. Viwango vya mwili kwa kila aina ya kazi vichapishwe kabla ya usaili: mbio gani, dakika ngapi, uzito gani, urefu gani. Pale kipimo kinapotofautiana kwa wavulana na wasichana, kama katika mafunzo ya awali, kisemwe wazi na sababu yake, na pale kazi ni moja, kipimo kiwe kimoja. Kila aliyekataliwa apewe karatasi inayotaja alichoshindwa. Mabuti yaagizwe kuanzia namba 3, na wafupi wapangwe mbele. Kila kambi iwe na daftari la saa za mazoezi la kila kuruta, ili ionekane nani alikuwa kwenye shabaha na nani alikuwa mesi, na fatiki igawanywe kwa zamu bila kuangalia hanga. Taulo za kike ziingie kwenye orodha. Pawepo na mahali pa kupeleka malalamiko nje ya kambi, mbali na mkufunzi anayelalamikiwa, maana barua yangu ya kwanza niliikabidhi getini kwa watu walewale.

Kuhusu binti yangu naomba jambo moja tu. Aitwe siku yoyote, mahali popote, akimbie kilomita tatu pamoja na wavulana wa usaili ule, apige shabaha risasi idadi yao, abebe mzigo wao. Akishindwa, mniandikie kwamba ameshindwa, nami nitaibandika barua hiyo ukutani sebuleni na sitawasumbua tena. Umri unaoruhusiwa unampita, amebakiza mwaka mmoja na nusu.

Buti la kulia ninalo nyumbani, na kile kitambaa cha khanga kimo ndani yake kama alivyokiacha. Atakayetumwa kuja kuliona nitamkaribisha chai. Anuani yangu ni ileile iliyo kwenye barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sijahama.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
mama wa kijana wa kujitolea,
Kasulu, Kigoma.